Mtaji, Msaada au Ruzuku? Uhakiki wa Istilahi za Fedha za Utafiti Vyuoni Vikuu

Miongoni mwa barua zinazofika kwenye dawati letu la istilahi, ziko chache ambazo haziulizi neno bali hulilalamikia. Moja ya barua hizo iliandikwa na mhadhiri kijana wa chuo kikuu kimoja nchini, mwalimu wa fasihi simulizi. Mwandishi huyo hakuwa na haja ya kupewa tafsiri. Tafsiri alikuwa amekwisha kupewa, na hiyo ndiyo iliyomponza.

Chuo chake kilikuwa kimetangaza kwamba kimetenga fedha zake chenyewe kwa ajili ya walimu wanaotaka kuanza utafiti mpya. Tangazo liliandikwa kwa Kiswahili, jambo ambalo hatuna budi kulisifu. Fedha hizo ziliitwa "mtaji wa mbegu". Kifungu kingine kilisema kwamba mtafiti "atafanya marejesho katika muda wa miezi 12". Mwishoni palikuwa na fomu, na ndani ya fomu palikuwa na nafasi ya kujaza "faida inayotarajiwa". Mhadhiri alisoma maneno hayo matatu, akautazama mshahara wake ambao tayari ulikuwa ukikatwa mkopo wa masomo, akaona hana uwezo wa kubeba deni jingine. Tangazo akaliweka kando.

Miezi kadhaa baadaye aliambiwa na mwenzake wa idara ya kemia kwamba fedha zile hazikuwa deni hata kidogo. Katika muda huo mzee mmoja, ambaye mhadhiri alikusudia kwenda kunasa nyimbo zake za jando, alikuwa amefariki dunia. Mwandishi wa barua hakudai kwamba neno lilimwua mzee. Alidai tu kwamba neno lilimzuia yeye kufika kwake mapema. Dai hilo ni la haki, na ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Ingekuwa rahisi kukilaumu chuo. Lakini tulipofungua majalada yetu tulikuta kwamba "mtaji wa mbegu" lilitoka kwetu wenyewe. Ofisa mmoja wa chuo aliuliza kwa simu, akajibiwa siku ile ile. Aliyejibu hakuuliza fedha hizo hutolewa vipi, na nani, kwa masharti gani. Alichukua picha iliyomo katika neno la Kiingereza, lugha ambayo hutaja mbegu ya shambani, akaihamisha ilivyo. Kwa hiyo uhakiki huu, ingawa unagusa maneno ya vyuo, kwanza ni uhakiki wa kazi yetu sisi.

1. Kitu chenyewe ni kipi

Msingi wa kazi ya istilahi ni kukijua kitu kabla ya kukipa jina. Basi tueleze kwanza kitu chenyewe, maana wasomaji wetu wengi ni walimu wa shule, wafasiri na watumishi wa serikali ambao huenda hawajapata kukutana nacho.

Wanaotoa fedha nyingi za utafiti duniani wako nje ya vyuo: mabaraza ya utafiti ya mataifa, wizara, mashirika ya kimataifa na wakfu kubwa. Hawa hawatoi fedha kwa wazo tupu. Wataalamu wanaosoma maombi ya ruzuku kuu ya utafiti ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kwa mfano, kwa kawaida hutarajia kuona matokeo ya awali yanayoonyesha kwamba jambo linalopendekezwa laweza kufanyika na kwamba mwombaji analimudu. Hapo ndipo mtafiti chipukizi anaponaswa. Hapati fedha kwa sababu hana matokeo, na hana matokeo kwa sababu hakupata fedha.

Chuo huingia katikati ya mkwamo huo. Hutenga kiasi fulani cha fedha zake na kuwaalika walimu wake washindane. Mwalimu huandika andiko fupi. Walimu wenzake hulipitia na kulipa alama. Anayefaulu hupewa fedha kidogo kwa muda mfupi, mara nyingi mwaka mmoja au miwili. Fedha hizo si mshahara. Hutumika kwa nauli ya kwenda uwandani, malipo ya wasaidizi, kemikali za maabara, nakala za nyaraka, au siku chache za kukaa katika makavazi. Mwishoni mwalimu anatakiwa awe na vitu viwili: ripoti ya alichokipata, na andiko kubwa zaidi la kupeleka nje. Andiko hilo likikubaliwa, fedha ndogo za ndani zimezaa fedha kubwa za nje. Lisipokubaliwa, maarifa yaliyopatikana hubaki, na mwalimu amekwisha kujifunza njia.

Yako pia masomo ambayo wafadhili wakubwa hawayapi kipaumbele, kama vile fasihi simulizi, historia ya mtaa, au sarufi ya lugha yenye wasemaji wachache. Kwa masomo hayo, fedha ndogo za ndani mara nyingine si mwanzo tu, bali ndizo zote zitakazopatikana.

Mfano wa zamani na unaojulikana ni ule wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Katika miaka ya 1923 na 1924 mwanakemia Harry Steenbock wa chuo hicho alionyesha kwamba chakula kikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno huongezeka vitamini D, ile inayokinga watoto wasipate matege. Hakuiuza hataza yake kwa kampuni kwa manufaa yake mwenyewe. Mwaka 1925 ulianzishwa wakfu wa utafiti wa wahitimu wa chuo hicho, ukakabidhiwa hataza, na mapato yakaanza kurudishwa chuoni yawasaidie watafiti wengine. Kwa miaka mingi kamati ya walimu imekuwa ikisoma maandiko ya walimu wenzao na kugawa sehemu ya mapato hayo kwa ushindani.

Wapenzi wa istilahi watafurahi kujua kwamba mpango huo umeacha alama katika kamusi za utabibu za dunia nzima. Profesa Karl Paul Link na wenzake walichunguza kwa nini ng'ombe waliokula majani ya malisho yaliyoota ukungu walivuja damu mpaka kufa. Mwaka 1939 waliitenga kemikali iliyohusika. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana dawa ya warfarini, iliyoingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya, na kuanzia mwaka 1954 ikatumika kwa binadamu kuzuia damu isigande. Silabi ya kwanza ya jina hilo imetokana na herufi za mwanzo za jina la wakfu ule kwa Kiingereza. Mgonjwa wa moyo wa Mbeya au Mombasa anayeandikiwa dawa hii hulitaja, bila kujua, jina la mfuko wa utafiti wa chuo.

Mifano ya karibu nasi ipo pia. Katika mwaka wa fedha 2019/20 serikali ya Uganda ilikipa Chuo Kikuu cha Makerere shilingi bilioni 30 za nchi hiyo kwa mfuko wa utafiti na ubunifu, na chuo chenyewe ndicho kilichozigawa kwa walimu wake kwa njia ya maandiko yaliyoshindanishwa. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Kamati ya Wakuu wa Vitivo iligawa fedha za utafiti kwa walimu, na katika makala nyingi za wataalamu wa chuo hicho mtu hukuta shukrani kwa kamati hiyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho, katika miaka ya karibuni, kimekuwa kikitangaza fedha za utafiti zinazoshindaniwa na walimu wake. Kitu chenyewe, basi, si kigeni tena kwetu. Kilicho kigeni bado ni jina lake.

Kutokana na maelezo haya twaweza kuzitaja sifa nne ambazo jina lolote litakalochaguliwa lisizipinge. Kwanza, fedha hizi hazilipwi. Pili, hutolewa na chuo kwa watu wake wenyewe, kwa kushindanishwa. Tatu, ni kidogo na ni za mwanzo. Nne, hutazamiwa kuleta maarifa, na kwa njia ya maarifa kuvuta fedha nyingine. Hazitazamiwi kuleta faida ya biashara.

2. Maneno yaliyomo mezani

Katika nyaraka tulizozikusanya tumekuta maneno makuu manne. Tuyapime moja moja kwa sifa hizo.

*Mtaji wa mbegu.* Neno "mtaji" lina maana iliyokaa vizuri katika Kiswahili. Ni mali anayoanzia mtu biashara, na mwenye mtaji hutazamia mtaji urudi pamoja na ziada. Muuza samaki wa Feri akila mtaji, amefilisika. Kwa hiyo mtu akiambiwa amepewa mtaji, mara moja huuliza wa nani na atarudishiwa lini. Neno hili linapinga sifa ya kwanza na ya nne kwa pamoja. Lina mahali pake halali, yaani pale mwekezaji anapoweka fedha katika kampuni changa ili awe na hisa. Katika utafiti wa chuo halina mahali. Tunalifuta, na tunaomba radhi kwa kulitoa.

*Msaada wa utafiti.* Neno hili halitishi mtu, lakini lina kasoro nyingine. Msaada hupewa mwenye shida, na hutolewa kwa huruma au kwa ujirani. Mwalimu aliyeshindana na wenzake arobaini na kushinda hakusaidiwa, amekabidhiwa kazi. Aidha, msaada haudai hesabu. Aliyepewa msaada wa maziko haandiki ripoti. Tumeona katika baadhi ya nyaraka jinsi neno hili linavyozaa matatizo pande zote mbili. Kamati hujiona kuwa imefanya hisani, hivyo huchelewesha fedha bila kuona haya, na mpokeaji hujiona kuwa amepewa zawadi, hivyo huchelewesha ripoti bila kuona haya.

*Ufadhili wa utafiti.* Neno hili lina nguvu sana siku hizi. Limetokana na fadhila, na mtoaji wake ni mfadhili. Matumizi yamelizoeza kwa mtu au shirika la nje linalogharimia masomo, mradi au timu ya mpira. Kusema kwamba chuo ni mfadhili wa walimu wake ni kama kusema kwamba baba ni mfadhili wa watoto wake. Si uongo mtupu, lakini sikio halikubali. Neno hili twashauri libaki kwa fedha zinazotoka nje, ili kwa neno moja msomaji atambue upande zilikotoka.

*Ruzuku ya mbegu.* Hapa tunaikaribia shabaha. "Ruzuku" ni neno la ukoo mmoja na riziki. Katika lugha ya serikali limekwisha kuwa na maana maalumu, yaani fedha zitolewazo kwa kazi iliyotajwa, zisizolipwa, lakini zinazotolewa hesabu. Serikali hutoa ruzuku kwa halmashauri na kwa shule. Sifa ya kwanza imetimia, na uwajibikaji umo. Kasoro iko katika neno la pili. Kwa mkulima wa Tanzania "ruzuku ya mbegu" si sitiari. Katika mpango wa vocha za pembejeo ulioanza msimu wa 2008/09, mkulima alipata mbolea pamoja na mbegu za mahindi au mpunga kwa bei iliyopunguzwa, na tangu msimu wa 2022/23 habari ya mbolea ya ruzuku imekuwa ikisikika redioni karibu kila msimu wa kilimo. Fikiria sasa tangazo la "ruzuku ya mbegu" likibandikwa katika chuo cha kilimo! Mtafiti wa mpunga atakayeomba fedha hizo apime udongo ataandikiwa kwamba amepewa ruzuku ya mbegu, na mkaguzi wa hesabu atauliza magunia yako wapi.

Kuna watakaosema kwamba sitiari ni pambo la lugha na kwamba Kiswahili hakina upungufu wa mbegu. Hatukatai. Katika hotuba, katika darasa, katika maelezo ya utangulizi wa mwongozo, mbegu ni mfano mzuri. Twaweza hata kuuboresha. Mkulima husia mbegu kitaluni karibu na nyumba, huzimwagilia, huziwekea kivuli, kisha miche ikishika nguvu huipandikiza shambani. Hivyo ndivyo chuo kinavyofanya. Kitalu ni chake, shamba ni la wengine. Lakini jina la kisheria halikuwekwa ili lipambe. Liliwekwa ili mtoaji, mpokeaji na mkaguzi waelewe jambo moja. Picha ikiwa imekwisha kuajiriwa na wizara nyingine, mtunga istilahi hana haki ya kuiajiri mara ya pili.

3. "Marejesho" na "faida"

Hata hivyo haitoshi kubadili jina la fedha na kuyaacha maneno yanayolizunguka. Barua ya mhadhiri yaonyesha wazi kwamba "mtaji" peke yake usingemfukuza. Kilichomfukuza hasa ni "marejesho".

Neno hili lina maisha mawili. Katika lugha ya wahasibu wa serikali, mtumishi hupewa masurufu kwa ajili ya safari au kazi, na baada ya kazi hufanya marejesho ya masurufu, yaani huwasilisha stakabadhi na kurudisha bakaa, kama ipo. Wahasibu hulitumia neno hili kila siku wala haliwatatizi. Kwa raia mwingine, hasa kwa kijana aliyesoma kwa mkopo tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ianze kazi mwaka 2005, marejesho ni makato ya mshahara. Ni fedha inayotoka mfukoni mwake kila mwezi. Mtu yule yule aweza kuwa na marejesho ya aina zote mbili kwa mwezi mmoja, na mwandishi wa tangazo hakuona haja ya kusema anakusudia yapi.

Sisi hatudhani kwamba wahasibu watalitupa neno lao kwa sababu ya makala yetu, wala hapana lazima. Twashauri tu kwamba katika nyaraka za utafiti neno "marejesho" lisisimame peke yake. Iandikwe "marejesho ya masurufu", au, kwa uwazi zaidi, "kuwasilisha hesabu na stakabadhi". Palipo na hatari ya kueleweka vibaya, sentensi moja ya ziada ni nafuu kuliko mtafiti mmoja aliyepotea: "Fedha hizi si mkopo na hazitalipwa."

Kuhusu "faida", tatizo ni la aina nyingine. Neno lenyewe ni pana. Husemwa faida ya dukani, na pia faida ya kusoma. Lakini likifuatana na "mtaji", upana huo hufungwa na kubaki upande wa duka. Mwalimu wa fasihi simulizi ataandika faida gani? Kama ataandika shilingi, atasema uongo. Kama ataacha wazi, atapunguziwa alama. Twapendekeza fomu iulize vitu viwili mbalimbali: "matokeo yanayotarajiwa", ambayo kila fani inayo, na "hatua inayofuata", yaani andiko lipi litapelekwa wapi. Kwa njia hiyo mwanakemia na mwanafasihi watajibu swali moja bila mmoja wao kujifanya mfanyabiashara.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya fomu tu. Alama hutolewa kwa mujibu wa maswali ya fomu, na fedha hufuata alama. Swali lililoundwa kwa neno la biashara litapendelea utafiti wa kibiashara, hata kama hakuna mjumbe wa kamati aliyekusudia hivyo. Neno laweza kugawa fedha bila kuhudhuria kikao.

4. Pendekezo letu

Baada ya kupima, tunapendekeza istilahi hii: ruzuku ya kuanzishia utafiti. Pale ambapo ni muhimu kutofautisha na fedha za nje, isemwe "ruzuku ya ndani ya kuanzishia utafiti".

Tumeulizwa ndani ya ofisi kwa nini "kuanzishia" na si "kuanzisha". Jibu limo katika sarufi yetu yenyewe. Kiswahili kina kiambishi cha kutendea ambacho, pamoja na kazi zake nyingine, huonyesha chombo cha kutendea jambo. Twasema kisu cha kukatia nyama, kalamu ya kuandikia, maji ya kunawia. "Maji ya kunawa" husikika pia, lakini "maji ya kunawia" husema waziwazi kwamba maji ni chombo na kunawa ndilo kusudi. Hali kadhalika ruzuku hii ni chombo. Haianzishi utafiti yenyewe. Mtafiti ndiye huanzisha, naye huanzishia fedha hizo. Silabi moja imebeba uhusiano ambao lugha nyingine imelazimika kuukopea picha ya shambani. Tunapokuwa na mali ya namna hii ndani ya vitenzi vyetu, si busara kwenda kuazima kwa jirani.

Wapo watakaosema kwamba istilahi hii ni ndefu. Ni kweli, ina maneno manne. Kwa matumizi ya kila siku, na kwa vichwa vya habari, twapendekeza neno moja lililoundwa kwa njia ile ile: kianzishio, wingi wake vianzishio. Lugha imekwisha kututengenezea kalibu. Kutokana na kuchuja tumepata kichujio, kutokana na kukaa kikalio, na kutokana na kuegemea kiegemeo. Kutokana na kuanzisha twaweza kupata kianzishio, yaani kitu cha kuanzishia. Neno hili lisichanganywe na "kianzio", ambalo limezoeleka kwa malipo ya mwanzo ya kununulia kitu, na ambalo lingeturudisha kule kule kwenye deni.

Hatudai kwamba kianzishio ni neno tamu. Maneno mapya mengi huwa machungu mdomoni mpaka yazoeleke. Twajua pia kwamba wahadhiri katika mazungumzo yao wataendelea kusema "fedha za utafiti" tu, na hatuna ugomvi nao. Mazungumzo yana mashahidi, yaani sauti, uso na nafasi ya kuuliza tena. Tangazo halina. Likibandikwa ukutani husimama peke yake mbele ya kila anayelisoma, na yule asiyeelewa huondoka kimya kimya.

Kwa muhtasari, tunashauri maneno yapangwe hivi. "Ruzuku" iwe fedha isiyolipwa lakini inayotolewa hesabu. "Ufadhili" uwe fedha ya kutoka nje ya chuo. "Mkopo" uwe fedha inayolipwa. "Mtaji" uwe fedha inayotazamia faida ya biashara. "Msaada" ubaki kuwa msaada. Haya si maneno mapya, na ndiyo nguvu ya pendekezo letu. Lililo jipya ni kuyaomba yakae kila moja kwenye kiti chake.

5. Mafunzo kwa dawati letu

Makala ya uhakiki yasiyomgusa mwandishi wake huwa ni lawama tu. Kwa hiyo twamalizia kwa yale tuliyojifunza.

Tulikosea si kwa kuchagua neno baya, bali kwa kujibu kabla ya kuuliza. Mwuliza istilahi huleta neno. Kazi yetu ya kwanza ni kumwomba atuletee kitu, yaani waraka mzima, fomu yake, masharti yake, na watu watakaousoma. Kama tungeiona fomu ile, hata mwanafunzi wa kidato cha nne angeona kwamba "mtaji", "marejesho" na "faida" vikikaa ukurasa mmoja vinasema mkopo, wala hakuna kitu kingine vinachoweza kusema. Neno moja moja halikuwa na hatia. Hatia ilikuwa katika kukutana kwao.

Tangu barua ile ifike tumeweka utaratibu kwamba ombi lolote la istilahi linalohusu fedha, adhabu au haki ya mtu halitajibiwa kwa simu. Litajibiwa kwa maandishi baada ya kuuona waraka wenyewe, hata kama mwombaji ana haraka. Twajua kwamba jambo hili litawaudhi baadhi ya maofisa. Waudhike.

Mhadhiri aliyetuandikia ameomba tena katika duru iliyofuata, safari hii akiwa ameelewa anachokiomba. Mzee wake wa nyimbo hayupo tena, lakini ametuarifu kwamba wako wengine wawili, wenye umri mkubwa, katika kijiji cha jirani.

Pendekezo letu la *ruzuku ya kuanzishia utafiti* na *kianzishio* bado halijasanifiwa. Litawekwa mbele ya kamati ya istilahi pamoja na maoni ya wasomaji. Tunawaomba wafasiri, walimu, wahasibu na hasa maofisa wa utafiti wa vyuo watuletee nyaraka zao na hoja zao, za kuunga mkono na za kupinga. Mwenye neno bora na alilete, na pamoja nalo atuletee fomu litakamoandikwa.